Betri, TV ya Chogo na Simu Bovu: Kwa Nini Viuzwe Vikiwa Vizima

Mjini Kigoma, mwenye betri ya sola iliyokufa hahangaiki kupata mnunuzi. Mzani wa vyuma chakavu upo Mwanga, upo Ujiji, na mara nyingi mnunuzi mwenyewe hupita mtaani na mkokoteni. Kinachowachanganya watu ni maneno yanayosemwa pembeni ya mzani: kwamba betri imwagwe maji kwanza ndipo ipimwe, kwamba redio ya zamani ina zebaki nyekundu ya mamilioni, kwamba dhahabu ya kwenye simu unaweza kuitoa mwenyewe kwa asidi, kwamba TV ya chogo iliyozimwa bado inatoa mionzi. Humo hatari ya kweli imechanganywa na hofu isiyo na msingi. Matokeo yake mtu anaogopa kifaa kilichotulia kabatini, halafu anakivunja kwa nyundo uani, watoto wakimtazama.

Taka za kielektroniki ni kifaa chochote kilichokuwa kikitumia umeme au betri, ambacho mwenye nacho hakihitaji tena: simu, chaja, redio, sabufa, king'amuzi, pasi, friji, kompyuta, taa ya sola, pamoja na nyaya zake. Betri kubwa za gari na za sola zina fungu lake kwenye taka hatarishi, ila mtaani zinapita kwenye mzani uleule, kwa hiyo hapa zinaelezwa pamoja. Urejelezaji ni kukitenganisha kifaa mpaka kila malighafi irudi kiwandani kutengeneza kitu kingine. Kununua skrepa ni mwanzo tu wa kazi hiyo. Anayepima kilo na kulipa hajarejeleza kitu bado, amekusanya.

Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kwa mtu wa Kigoma, sababu ya pengo hilo haihitaji kutafutwa mbali. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na umbali huo ndio unaoamua kipi kiondoke na kipi kibaki. Anayelipia usafiri habebi kitu chepesi kisicho na bei. Anabeba risasi (yale madini mazito ya kijivu yaliyomo kwenye betri), shaba na aluminiamu. Plastiki ya sabufa, kioo cha TV, maji ya betri na betri za simu zilizovimba hubaki hapahapa. Kwa hiyo kifaa kikivunjwa nyumbani, thamani yake inapanda gari kwenda pwani na sumu yake inabaki na sisi. Kikiondoka kizima, sumu nayo inaondoka. Ushauri wote unaofuata unatokana na hilo.

Betri ya maji ndiyo ya kwanza kwa hatari

Kwa miaka mingi mkoa huu ulitegemea umeme wa jenereta za dizeli, na umeme wenyewe haukufika kila kijiji, ndiyo maana sola ilienea. Wavuvi wa dagaa nao wengi wameachana na karabai, sasa wanavulia taa za LED zinazowashwa kwa betri. Shuka mwalo wa Kibirizi au Katonga asubuhi, utaona betri zinateremshwa kwenye vipe (mitumbwi ya uvuvi) pamoja na nyavu.

Betri ya kawaida ya volti 12 na Ah 100 (kipimo cha chaji inayobeba) ina uzito wa karibu kilo 30. Kati ya hizo, kilo 17 hadi 20 ni risasi na michanganyiko yake. Kinachobaki ni plastiki na takriban lita 6 za asidi ya salfuriki iliyozimuliwa kwa maji, yale tunayoyaita maji ya betri. Karibu vyote hivi vinarejelezeka. Risasi inaweza kuyeyushwa na kutengeneza betri mpya mara nyingi bila kupoteza ubora, na ndiyo sababu betri mbovu ina bei.

Wanunuzi wengi hawapendi kulipia uzito wa maji, wala hawataki asidi imwagike ndani ya gari, hivyo humwambia muuzaji aimwage. Inamwagwa mferejini, chooni au nyuma ya nyumba. Watu wanadhani kilichomwagwa ni asidi tu na mvua itaimaliza. Asidi kweli hupungua ukali ikikutana na udongo na maji mengi. Kitazame lakini kile kinachotoka nayo mwishoni, ukiinamisha betri hadi tone la mwisho: tope la kijivu na kahawia, zito, linaloganda chini ya mfereji. Hiyo ni risasi iliyobanduka kwenye sahani za ndani. Haiozi, haiungui, haivukizwi na jua. Itakaa kwenye udongo wa juu kwa miongo, palepale ambapo mtoto anakaa na kuchezea.

Na Kigoma ni mji wa miteremko, mvua ikinyesha mifereji inashuka ziwani. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na ukubwa huo unawafanya watu waamini kwamba haliwezi kuchafuka. Lakini maji yake yana mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo. Sehemu kubwa ya maji yanayopotea ziwani hupotea kwa kuvukizwa, na kinachovukizwa ni maji peke yake. Metali zilizoingia zinabaki. Maji ya bomba ya mji huu yanatoka ziwa hilohilo.

Kuyeyusha risasi nyumbani ni kubaya kuliko hata kumwaga asidi. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327 tu, moto ambao jiko la mkaa linaufikia bila shida, na ndiyo maana mtu anaweza kuvunja betri, kuzitia sahani kwenye sufuria kuukuu na kumimina chubwi za nyavu. Akimaliza huona chubwi safi zinazong'aa. Asichokiona ni vumbi lililopaa, na utando wa chenga za njano na kijivu alioukwangua juu ya sufuria na kuutupa pembeni. Utando huo ndio wenye madhara makubwa, kwa sababu ni unga mwepesi unaoshika mikononi, kwenye nguo na kwenye chakula.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kwa risasi ileile iliyoingia mdomoni, nayo humharibu ubongo unaokua. Anaweza kuchelewa kuongea, akawa mzito darasani, akasumbuliwa na tumbo na upungufu wa damu, na ikizidi sana anapata degedege. Dalili hizi zinafanana na za malaria, minyoo na lishe duni, hivyo risasi haishukiwi mpaka damu ipimwe. Kwa mtu mzima hupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo. Mwilini hujificha kwenye mifupa, na mama akiwa mjamzito inaweza kutoka humo ikamfikia mtoto tumboni.

Haya yamekwisha kutokea kwa majirani. Huko Thiaroye-sur-Mer, pembezoni mwa Dakar nchini Senegali, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008. Wakazi walikuwa wakichekecha udongo wenye mabaki ya betri ili kupata vipande vya risasi vya kuuza, na wengine walihifadhi magunia ya udongo huo ndani ya nyumba. Karibu nasi zaidi, mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa uliishi kwa miaka na kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya rufaa kadhaa Mahakama ya Juu ikairejesha amri hiyo Desemba 2024. Fidia haimrudishii mtoto akili iliyopotea.

Mafundi wengi huamini kwamba kunywa maziwa baada ya kazi kunasafisha sumu. Mtu mwenye kalsiamu na madini ya chuma ya kutosha mwilini hufyonza risasi kidogo kuliko mwenye upungufu, kwa hiyo chakula bora kina faida yake. Ila risasi iliyokwisha kuingia kwenye damu haitolewi na glasi ya maziwa. Kinachomlinda fundi ni kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula au kuvuta sigara, kubadilisha nguo za kazi kabla ya kuingia ndani, na kutozifua pamoja na za watoto.

Kwa mwenye betri mbovu, hatua zake ni hizi. Funga vifuniko vyote, na kama kimoja kimepotea ziba tundu kwa plastiki na utepe. Funika vichwa viwili vya betri kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ili chuma kisivigusishe vikatoa cheche. Isimamishe wima ndani ya beseni la plastiki, mahali pakavu, mbali na jiko. Kwenye bodaboda isafiri ikiwa imesimama na kufungwa imara, kamwe isilazwe. Asidi ikimwagika sakafuni, nyunyizia magadi au majivu makavu mengi hadi povu liishe, kisha zoa vyote, tia kwenye mfuko mgumu na upeleke pamoja na betri. Magadi yanaua asidi lakini risasi bado imo. Asidi ikimrukia mtu machoni, aoshwe kwa maji safi mfululizo kwa dakika zisizopungua 15, ndipo apelekwe hospitali.

Mnunuzi akikuambia umwage kwanza, kubaliana naye bei ya kilo iliyo chini kidogo, achukue na maji yake. Unachopoteza ni thamani ya kilo chache.

Betri ndogo za lithiamu

Simu, taa za sola za mkononi na mifumo mipya ya sola ya kulipia kwa awamu zinatumia lithiamu. Hatari yake hapa ni moto. Ndani kuna tabaka jembamba linalotenganisha pande mbili. Likitobolewa, likipindwa au likiyeyuka, pande hizo zinakutana, joto linapanda lenyewe na moshi wake ni wa sumu. Betri iliyovimba ina gesi ndani. Kuitoboa ili ilale ni kuialika iwake mkononi.

Iliyovimba isichajiwe tena. Itoe kwenye simu kama inatoka, ziba vichwa vyake kwa utepe, ilaze kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu na uliweke kivulini. Ikiwaka, usivute moshi wake. Ifukie kwa mchanga mwingi au imwagie maji mengi ya kuipoza, halafu usiiguse kwa saa kadhaa maana huweza kuwaka tena. Na isitupwe kwenye pipa la taka. Kwenye gari la taka inabanwa na kuvunjwa, na hapo moto huanzia katikati ya makaratasi.

Taa nyingi za sola zinazotupwa hazijafa, ni betri yake tu iliyochoka, na fundi anaweza kuibadilisha. Aangalie maandishi ya betri kwanza. Nyingine ni za volti 3.2 na nyingine 3.7, ingawa kwa macho zinafanana. Ukiweka ya 3.2 kwenye taa iliyotengenezewa 3.7, chaja itaisukuma hadi volti 4.2, nayo haikuumbwa kufika huko: itavimba na kuvuja. Kabodi kadogo ka ulinzi kaliko juu ya betri kasiondolewe.

Betri kavu za tochi na redio ni kundi jingine. Wengi huzitumbukiza kwenye choo cha shimo. Hazina ukali wa zile mbili za kwanza, lakini zikusanye kwenye chupa kavu ya plastiki badala ya kuziweka ardhini karibu na kisima.

TV, redio na zebaki isiyokuwepo

TV ya chogo iliyozimwa haitoi mionzi yoyote. Kioo chake cha nyuma kilichanganywa risasi kiwandani ili kuzuia miali iliyokuwa ikizalishwa wakati TV inawaka, na kwenye TV kubwa risasi hiyo huzidi kilo moja. Ikiwa imefungwa ndani ya kioo kizima haimdhuru mtu. Tatizo ni koili ya shaba iliyozunguka shingo ya kioo. Mtu anavunja shingo kuitoa, kioo ambacho ndani hakina hewa kinalipuka kuelekea ndani na kurusha vipande, unga mweupe uliopakwa ndani ya skrini unapeperuka, na mwisho anaondoka na gramu mia kadhaa za shaba huku lundo la vioo vyenye risasi likibaki mferejini. TV hizo pia hutunza umeme mkali hata baada ya kuchomolewa, kwa hiyo si kitu cha kufunguliwa na mtu asiye fundi.

Zebaki nyekundu ya kwenye redio na TV za zamani haipo. Haijawahi kuwepo redioni wala kwenye cherehani. Zebaki ya kweli ina rangi ya fedha na ni ya majimaji, na kwenye vifaa vya nyumbani hupatikana kwa miligramu chache ndani ya tyubulaiti, taa za kubana matumizi, na taa nyembamba za nyuma ya skrini bapa za zamani. Hizo zikivunjika, fungua madirisha, watoto watoke, okota vipande kwa karatasi ngumu na utepe. Ufagio unaitawanya.

Dhahabu kwenye simu ipo kweli. Simu moja ina takriban gramu 0.03, yaani unahitaji simu 30 na zaidi kupata gramu moja. Imepakwa kwa utando mwembamba mno juu ya shaba na nikeli, na kuitoa ni kama kutaka chumvi irudi kutoka kwenye mchuzi uliokwisha iva. Wanaojaribu nyumbani hutumia asidi ya naitriki, sayanidi au zebaki, zana ambazo wachimbaji wadogo wa Nzega wanazijua vizuri, pamoja na gharama yake kwa mapafu na neva. Asidi hiyo hutoa gesi ya kahawia inayochoma mapafu, na sehemu kubwa ya dhahabu hupotea kwenye maji machafu. Viwanda vinavyofanya kazi hii sawasawa, kama kile cha Hoboken nchini Ubelgiji, huyeyusha bodi kwa tani na kutoa aina 17 za metali kwa mkupuo, huku moshi ukichujwa. Ndiyo maana bodi nzima ina bei kwa mkusanyaji mkubwa kuliko bodi iliyokwisha chezewa.

Simu iliyozimika kabisa itolewe laini na kadi ya kumbukumbu. Inayowaka, ondoa kwanza akaunti ya Google ndipo uirudishe kwenye mipangilio ya kiwandani. Kufuta picha pekee hakutoshi. Picha zilizofutwa huweza kurudishwa.

Nyaya

Kuchoma nyaya ili kupata shaba ni kosa hata kwa hesabu ya pesa. Shaba iliyoungua hupakaa masizi na kuwa nyeusi, na mnunuzi huipanga daraja la chini. Ganda la plastiki linaloungua kwa moto mdogo hutoa dioksini, sumu inayokaa kwenye mafuta ya wanyama na kutufikia kupitia maziwa, mayai na samaki. Waya mnene uchunwe kwa kisu: upigilie wembe imara kwenye ubao, uache nafasi ya unene wa ganda, uvute waya chini yake. Waya mwembamba wa chaja uuzwe na ganda lake.

Umpe nani

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ina kanuni mahususi za taka za kielektroniki, zilizotolewa mwaka 2021. Anayekusanya, kusafirisha au kuchakata taka hizi anatakiwa kuwa na kibali, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) ndilo la kuulizwa. Kuzivusha mipaka kuna masharti yake pia: tangu tarehe 1 Januari 2025, chini ya Mkataba wa Basel unaosimamia usafirishaji wa taka hatarishi kati ya nchi, taka zote za kielektroniki haziruhusiwi kuingia nchi nyingine mpaka nchi hiyo ikubali kwanza kwa maandishi. Anayepakia betri kwenye boti usiku kwenda Kalemie nchini Kongo au Bujumbura nchini Burundi anavunja sheria za pande zote mbili.

Kwa mtu mmoja mwenye simu mbili bovu, kumdai mnunuzi wa mkokoteni kibali hakutamfikisha mbali. Shule, zahanati, SACCOS, BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za uvuvi) na mafundi simu wa soko moja wana nguvu zaidi, kwa sababu mzigo wao ukikusanywa unafikia uzito wa kumvuta mkusanyaji mwenye kibali hadi Kigoma. Pipa moja la bodi, kreti la betri za lithiamu zilizozibwa vichwa na kontena dogo la betri za maji vinatosha kuanza mazungumzo ya bei. Aliyekuuzia mfumo wa sola kwa awamu naye aulizwe kama anapokea betri zilizochoka. Aulizwe kabla hujalipa awamu ya kwanza.

Kwa wavuvi, betri nyingi hufa mapema kwa sababu ambayo si uzee. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kila betri iliyowekwa ndani bila chaji ilikuwa inaharibika. Betri ya maji ikikaa tupu, fuwele ngumu za salfeti hujengeka kwenye sahani na haiwezi tena kupokea chaji. Kabla ya kuihifadhi, ichaji hadi ijae, ongeza maji yaliyotokana na mvuke uliopozwa (distilled water) hadi yafunike sahani, ichomoe kila kitu, na uichaji tena kila mwezi. Pima kwa mita baada ya kuipumzisha usiku kucha: volti 12.7 imejaa, 12.4 imeanza kushuka, 12.0 ni tupu. Ikichajiwa siku nzima na asubuhi yake isomeke chini ya 12.0, mara nyingi chumba kimoja kati ya vyake sita kimekufa, nayo imefikia wakati wa kwenda kwenye mzani, wima, na vifuniko vyake vyote.